Hana Mkia, au Hana Tena?

Ndoo ilikuwa ya bluu, ya lita kumi, imepasuka mdomo, na mpwa wangu alikuwa ameichuchumalia nyuma ya jiko kama mtu anayengoja uji uchemke. Ilikuwa Aprili, Morogoro, mvua imenyesha siku tatu bila kupumzika na Uluguru wote umezama kwenye ukungu. Maji ya ndoo aliyachota dimbwini mbele ya nyumba, pamoja na matope yake, majani yake na wakazi wake.

"Mjomba, njoo uone. Huyu ni chura au bado?"

Nikainama. Viluwiluwi kumi na kitu walikuwa wanahangaika huku na huku, weusi, vichwa vikubwa kuliko akili. Mmoja alikuwa amejibandika kwenye ukuta wa ndoo, nusu majini, nusu nje. Miguu minne kamili. Macho yametokeza. Mdomo umeshaanza kupanuka, ule mdomo wa chura unaofanana na mtu aliyesikia habari asizozipenda. Na nyuma yake mkia, kama nusu ya urefu wa mwili, umelegea, ncha yake imesinyaa kama utambi uliozimwa.

"Ni chura," nikasema.

"Mbona ana mkia? Mwalimu kasema chura hana mkia."

Sasa, asubuhi ileile, kwenye meza ya dada yangu, mimi mtu mzima ninayelipwa kwa kazi hiyo nilikuwa nimejaza mstari wa 41 wa orodha ya istilahi za kitabu cha sayansi cha watoto. Niliandika: *Anura, wanyama wasio na mkia.* Nikahifadhi faili, nikaenda kunywa chai, moyo mweupe.

"Basi huyu hajawa chura," mtoto akaamua mwenyewe, akarudi kuchungulia.

Wiki sita zimepita. Mstari wa 41 haujaniacha.

Kigiriki cha kuazima

Waliosoma biolojia wanalijua neno hili bila kulifikiria. *An* ni bila, *oura* ni mkia. Ndilo jina la oda, yaani kundi kubwa la kisayansi, ya vyura wote, wa majini na wa mitini, wenye ngozi laini na wenye ngozi ya vipele. Salamanda, jamaa zao wenye umbo la mjusi, wakaitwa Caudata, wenye mkia, au Urodela, wenye mkia unaoonekana. Kundi la tatu la amfibia, wale wasio na miguu wanaoishi udongoni, likaitwa Gymnophiona: nyoka walio uchi.

Majina mawili ya kwanza yanakaa jozi, na mtafsiri hupenda jozi kuliko mshahara. Hawa wanao, hawa hawana, twende mstari wa 42.

Kilichoniharibia ni hilo kundi la tatu.

Kwenye milima ya Taita, Kenya, yuko mmoja wao anayeitwa Boulengerula taitana. Ukimfukua ukiwa unapalilia mahindi utasema nyungunyungu na kuendelea na jembe lako. Si nyungunyungu. Ana uti wa mgongo, ana meno, na mama huotesha ngozi nene yenye mafuta ambayo watoto wake huibandua kwa vijino vyao na kuila. Habari hiyo ya watoto kula ngozi ya mama wanasayansi waliitangaza mwaka 2006, na mimi sijaacha kuwasimulia watu nikikaa nao mezani, hata wasipotaka. Lakini kilichoniuma zaidi ni huku nyuma. Mwili wake unaishia kwenye tundu la haja, hapo hapo, hakuna cha ziada.

Naye hana mkia.

Wala si yeye peke yake katika jamaa zake. Kwa hiyo ndani ya amfibia kuna wasio na mkia wa aina mbili, na jina la "wasio na mkia" wakapewa vyura peke yao. Nilijisikia kama mtu aliyetafsiri hati ya kiwanja, akagonga na muhuri, halafu akaenda kwenye eneo akakuta mpaka unapita katikati ya sebule ya jirani.

Nikaendelea kuchimba, jambo ambalo halilipwi. Marekani na Kanada upande wa Pasifiki, kwenye vijito vya baridi vinavyokwenda kasi, yuko chura anayeitwa Ascaphus truei. Wenyeji wa huko humwita chura mwenye mkia. Dume ana kitu kinachoning'inia nyuma, na ukikiona utaapa kwamba ni mkia. Si mkia. Ni kiungo cha kupandishia. Maji ya kule yana kasi kiasi kwamba mbegu zikimwagwa nje kama wafanyavyo vyura wengine zitachukuliwa. Fikiria basi: yumo kwenye oda ya wasio na mkia, watu wanamwita mwenye mkia, na alichonacho si mkia.

Nilifunga kompyuta siku ile.

Kibogoyo, kipara, na nani?

Kiswahili si maskini wa maneno ya upungufu. Asiye na meno ni kibogoyo. Asiye na nywele ana kipara. Kuna kipofu, kiziwi, bubu, yatima, mjane, na kwa mfukoni kuna kapuku. Kila mmoja amepata nomino yake, anatembea nayo, anaitwa nayo barabarani. Asiye na mkia hakuumbiwa.

Nilijaribu kumuumbia. "Mkiabutu" nililipenda usiku, asubuhi likanuka. "Wasiomkia" kwa kuunganisha, mhariri wangu akaniuliza kama kibodi imeharibika. Nikarudi kwenye "wasio na mkia", maneno matatu ya kawaida, mfano wa "wanyama wasio na uti wa mgongo" tuliowakariri darasani sote.

Hao nao ni kisa kingine. Mwanasayansi Mfaransa Lamarck aliwakusanya kwenye kitabu chake cha mwaka 1801 chini ya jina la wanyama wasio na pingili za uti wa mgongo, na tangu hapo pweza, konokono, siafu na nyungunyungu wa kweli wamekaa nyumba moja ya kupanga kwa sababu ya kitu ambacho wote hawana. Pweza na siafu hawana undugu wa karibu. Wamekutanishwa na ukosefu tu, kama abiria waliokosa basi la saa kumi na mbili.

Tatizo la mkia kwetu ni kwamba ni neno lenye kelele nyingi. Mtoto akiwa wa mwisho darasani *ameshika mkia*. Timu ikishuka daraja ilianza kwa *kuburuta mkia*. Na ukiwa Dar es Salaam huwezi kabisa kuandika sentensi yenye chura na mkia ndani yake ukabaki mtu wa sayansi, kwa sababu watani wa jadi walishagawana: Wanasimba huwaita Yanga "vyura", na Yanga huwaita Simba "mikia". Nilipomsomea rafiki yangu mmoja, Mwanayanga wa kufa na kuzikwa, mstari wangu kwamba chura hana mkia, alinyamaza kidogo akasema, "Hilo lipo wazi. Sisi hatuwezi kuwa wao."

Ndugu zetu wa Kibantu nao wana neno lilelile. Waganda husema *omukira*, Wazulu *umsila*, sisi *mkia*. Ni mtoto mmoja aliyelelewa nyumba tofauti. Na Wazulu wana methali juu ya pimbi, yule mnyama wa mawe anayefanana na sungura aliyekatwa masikio: alikosa mkia kwa sababu ya kuagiza. Siku ya kugawa mikia kulikuwa na mvua, yeye akabaki kwenye joto, akamwambia kila aliyepita amchukulie wake.

Nimeipenda methali hiyo kwa sababu inafanya kitu ambacho Kigiriki hakifanyi. Inasema *kwa nini*. *An-oura* haina sababu, haina siku, haina mvua. Inasema hakuna, inanyamaza.

Tai aliyesingiziwa

Kilichonigeuza fikra hakikuwa chura. Ni ndege.

Kutoka Morogoro kwenda Iringa barabara inakatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi, na ukiwa na bahati ya kukaa dirishani, hasa mchana jua likiwa kali, utaona tai mweusi anayeyumba hewani kama mtu anayetembea juu ya kamba, bawa hili juu, lile chini. Huyo ni pungu. Uso mwekundu, miguu myekundu. Na nyuma panaonekana pamekatwa kwa kisu; akiruka, miguu inachungulia kupita mwisho wa mkia.

Jina lake la kisayansi ni Terathopius ecaudatus, na *ecaudatus* ni Kilatini cha kile kile: asiye na mkia. Alipewa mwaka 1800 na Mfaransa aitwaye Daudin.

Lakini mkia anao! Mfupi, ndiyo, wa kuonewa huruma, lakini upo na una manyoya. Hata yule mnyama wa Madagaska mwenye miiba, Tenrec ecaudatus, ambaye amefikishwa mpaka Komoro, mkia wake upo, sentimita moja na ushee. Waliowapa majina walitazama kwa mbali, au walitazama kwa karibu wakaona haufai kuhesabiwa.

Halafu kuna kinda la pungu. Kinda ni la kahawia, halina ule weusi wala wekundu, na mkia wake ni mrefu kuliko wa mzazi wake. Anapokua, miaka inapita, kila akipukutisha manyoya na kuota mengine mkia unarudi mfupi zaidi, mpaka anapofika utu uzima ndipo anaanza kufanana na jina lake.

Niliposoma hapo nilijiona nimechuchumaa tena kwenye ile ndoo ya bluu.

Kiluwiluwi anaingia utu uzima akiacha mkia. Kinda la pungu vilevile. Majina yao yanawaeleza wakubwa, na watoto wao wanabeba jina lisilowahusu bado, kama mtoto mchanga aliyepewa jina la babu anayeitwa "mzee" na shangazi zake.

Ameukata?

Siku ya pili mpwa wangu aliamka kabla ya jogoo kwenda kutazama. Mkia ulikuwa umepungua.

"Ameukata?"

"Hakuukata."

"Umedondoka?" Akakoroga chini ya ndoo kwa kijiti, akitafuta mkia uliodondoka. Mjusi wa ukutani angeuacha pale, ungekuwa unarukaruka peke yake. Huku hapakuwa na kitu.

Ilinibidi nimwambie ukweli, na ukweli ni wa ajabu kuliko mkia uliodondoka: anaumeza kwa ndani. Mkia unavunjwavunjwa ukiwa bado umeungana na mwili, chembe kwa chembe, na vilivyomo vinarudi kwa mwenyewe. Siku hizo hali. Mdomo wa kukwangua majani umeshabomolewa, mdomo wa kukamata wadudu bado fundi hajaumaliza, utumbo nao unapangwa upya. Kwa hiyo mkia ndio akiba yake ya safari.

Anayeagiza haya yote ni tezi ya shingoni, ile ile ambayo kwetu watu ikikosa madini joto huvimba ikawa rovu. Mwaka 1912 mwanasayansi aitwaye Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya farasi, wakageuka vyura kabla ya wakati wao, vichura vidogo sana. Nilimsimulia mtoto pia habari ya madini joto, na pakiti ya chumvi nikamwonyesha. Kumbuka hilo.

Akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limeniandikisha makala hii.

"Kwa hiyo chura hana mkia, au hana tena?"

Nimefanya kazi ya kutafsiri miaka mingi na sikuwahi kuona pengo hilo. *Hana* na *hana tena* ni wanyama wawili tofauti. Kiswahili kinawapa kila mmoja mlango wake: *hana*, *hana tena*, *hajawa nao*, *hakuwahi kuwa nao*. Nyoka hana miguu. Mjane hana mume, lakini alikuwa naye, na hakuna anayemwita mjane msichana ambaye hajaolewa. Ukosefu una historia, na sisi husikia kwenye sentensi historia hiyo ipo au haipo. Kigiriki cha *an-* kimeifunika.

Na yeye mwenyewe alishanipa neno siku ya kwanza, nikalipita kama nguzo ya umeme. *Huyu ni chura au bado?* Bado ana mkia. Bado hajawa chura. "Bado" inakaa pande zote mbili za ndoo.

Siku ya nne asubuhi kichura kilikuwa juu ya jani, ukubwa wa punje ya hindi, nyuma pameziba. Tulipoinama kikaruka kikapotelea chini ya gunia la mkaa. Mtoto alilia kidogo. Mimi nilisingizia moshi.

Kifandugu

Ningeweza kuishia hapo, ila mkia wa chura haukuishia hapo.

Ukimpasua chura, kama tulivyofanya kidato cha tatu kwenye trei zenye harufu mbaya, utakuta mwishoni mwa uti wa mgongo mfupa mmoja mrefu mwembamba kama sindano ya shuka. Wanauita urostili, nguzo ya mkia. Ni pingili za mkia zilizoungana zikawa fimbo moja, na fimbo hiyo ni sehemu ya mtambo wa kurukia. Yaani asiye na mkia anabeba mkia tumboni mwa mgongo wake, na neno *oura* limo kwenye jina la mfupa huohuo. Jina la oda linakana, jina la mfupa linakiri.

Nasi je?

Keti vibaya kwenye ngazi ya zege utanielewa. Kile kijiumbe cha mwisho, pingili tatu mpaka tano zilizogandana, wataalamu wa Ulaya wanakiita kwa Kigiriki cha ndege fulani, kwa kuwa walikiona kinafanana na mdomo wake. Sisi tuna neno letu zuri kabisa, kifandugu, na nasikitika kwamba watu wa umri wangu hulisikia tu wanapoanguka.

Waliopitia madrasa watakuwa wameshalisikia kwingine. Mwalimu wetu alitufundisha hadithi ya Mtume inayosema kwamba ardhi humla mwanadamu wote isipokuwa mfupa mmoja, na kutoka mfupa huo ndiko ataungwa upya siku ya kufufuliwa. Yeye alisema kifandugu. Kwenye Kiarabu chake imeandikwa *ajbu dhanabi*, na *dhanab* ni mkia: shina la mkia. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa mkekani juu ya kifandugu changu, na haikunipitikia kuuliza mkia gani.

Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, mwaka 1758 aliwapanga nyani wa dunia yake kwa kipimo hicho hicho. Mkia hakuna, mkia mfupi, mkia mrefu, makundi matatu. Kima wetu wa msituni bado anabeba alama hiyo kwenye jina lake, Cercopithecus, nyani mwenye mkia. Nikajaribu kupanga kwa Kiswahili: sokwe, nyani, tumbili, kima, ngedere, mbega. Hakuna jina hata moja hapo linalotaja mkia. Mswahili akimwona tumbili juu ya paa anajua ni tumbili kwa wizi wake.

Wenye mkia hapo ni wote isipokuwa sokwe, na sisi tunaowatazama. Mwaka 2024 watafiti wa New York walichapisha matokeo yao: kipande kidogo cha vinasaba kilijichomeka ndani ya jeni inayoitwa TBXT kwa mababu wa pamoja wa sokwe na binadamu, miaka milioni 25 hivi iliyopita, na panya waliotengenezewa hitilafu ya namna hiyo wakazaliwa na mikia mifupi au bila mkia kabisa. Mmoja wao, Bo Xia, alieleza kwamba swali hilo lilimkaa zaidi baada ya kuumia kifandugu akiwa ndani ya gari. Sayansi nyingine huanzia pale inapouma.

Na mimba ya binadamu ya wiki tano ina mkia. Unaonekana kabisa. Ikifika wiki ya nane umeshamezwa.

Hana tena.

Wa Kihansi

Nilidhani nimepata dawa: niandike "wasio na mkia tena" au "wanaoacha mkia". Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia mhariri. Kisha nikakumbuka chura mmoja ambaye kila Mtanzania anamjua kwa jina, hata asiyejua chura mwingine.

Chura wa Kihansi huyu, Nectophrynoides asperginis, aliyeonekana mara ya kwanza mwaka 1996 kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, akiishi pale tu manyunyu ya maporomoko yanapofika. *Asperginis* ni ya manyunyu. Dunia nzima makao yake yalikuwa hapo, eneo la kuzunguka kwa miguu. Yaliyofuata nyote mnayajua: bwawa la umeme, maji kupungua, manyunyu kukauka, vyura wapatao 500 kupandishwa ndege kwenda Marekani mwaka 2000 huku vijiweni watu wakicheka kwamba chura kapata viza. Kule korongoni wakawekewa mabomba ya kunyunyiza, kisha ukaja ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo. Mwaka 2010 wajukuu wa wale wasafiri wakaanza kurudi Dar es Salaam, na 2012 wakapelekwa nyumbani kwao.

Wengi huacha hapo. Kilichonikamata ni kitu kingine: huyu hatagi. Anazaa. Mama mwenye urefu wa sentimita mbili hivi anazaa vichura vilivyokamilika, vya milimita tano. Kiluwiluwi chake hukulia ndani ya mwili wa mama, mkia huota humo na kumezwa humo. Hakuna dimbwi, hakuna ndoo ya bluu. Mpwa wangu angekaa Kihansi mwaka mzima asione mkia hata mmoja.

Kwa huyo, "wasio na mkia" ni kweli kwa kila jicho lililowahi kumtazama, na "wanaoacha mkia" ni kweli kwa mama yake tu.

Nikafuta barua pepe.

Upande wa pili wa mlango uleule nikakutana na mzee wao wa Madagaska, Triadobatrachus, aliyekufa miaka milioni 250 hivi iliyopita akageuka jiwe. Kichwa cha chura, na nyuma pingili chache za mkia. Wanasayansi hawamwingizi kwenye Anura. Wanamweka kwenye jina pana zaidi, Salientia, wanaoruka, jina ambalo mwanasayansi Laurenti alilitumia mwaka 1768, kabla ya Anura kuzaliwa. Nalipenda jina hilo kuliko hili. Linamwita mnyama kwa anachofanya. Kejeli yake ni kwamba huyo mzee mwenyewe huenda hakuwa mrukaji wa maana.

Mstari wa 41

Nilichokabidhi mwishoni ni hiki: *Anura, oda ya vyura. Maana ya jina ni "wasio na mkia"; viluwiluwi wao wanao.*

Mhariri akarudisha ujumbe kwamba safu ya jedwali haitoshi, nusu ya pili ikatwe. Tukavutana siku mbili. Alikuwa na haki, safu ni nyembamba kweli, na salamanda alishaingia kwenye mistari miwili. Nikapendekeza tupunguze ukubwa wa herufi. Akakataa. Nikapendekeza "bado" ya Kiswahili iingizwe mahali. Akaniuliza kama ninapumzika vya kutosha. Hatimaye nusu ya pili ikahamishiwa chini ya picha ya ukurasa unaofuata, picha ya kichura chenye miguu minne na mkia, na hapo ndipo ilipo sasa, ikisubiri mchapaji. Sijaridhika. Pungu hakupata hata mstari.

Jana jioni dada yangu kanitumia ujumbe wa sauti, sauti ni ya mtoto. Shikamoo mjomba. Wote wameshaondoka, ndoo imebaki na mmoja tu, mkubwa, mnene, miguu hajaota hata mmoja na wenzake walianza siku moja naye. Amemkazia macho wiki nzima. Sasa amepata wazo.

"Nimechukua ile chumvi ya madini joto. Nimtilie vijiko vingapi?"

Nilimpigia dada yangu simu mara tatu kabla hajapokea.